Maswali Matatu ya Babu Sanduku

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nina miaka sabini na sita. Nimezika mke, nimezika kaka zangu wawili, nimezika watatu kati ya wale saba wa kwanza walioitwa timu ya taifa ya raga. Makocha kumi na mmoja wamekuja wakanikuta, wameondoka wakaniacha. Wenyeviti sijawahesabu, hao ni kama mafua. Sanduku langu la bati la jezi limeishi kuliko mabasi mawili ya timu na paa moja la uwanja. Kwa hiyo anayetaka habari za timu hii asihangaike na magazeti. Aje kwangu. Wanaitwa wachezaji, mimi naitwa Babu Sanduku, na wao ndio wanaopita.

Naandika kwa sababu ya Daktari. Ni binti mdogo, amekuja mwaka huu, amesoma mpaka miwani imemwotea puani. Kanipa madaftari mawili. "Babu, humu andika kila anayegongwa, kagongwa wapi, na alikuwaje baadaye. Nitalichukua kila Ijumaa." Nikauliza hili la pili la nini. "Likijaa la kwanza." Halitajaa. Shule niliishia darasa la tatu, mwandiko wangu kama kuku kaparura. Hili la pili nimelifanya langu, nizoeze mkono.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mvua. Jezi hazikauki.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mvua bado. Wamefanya mazoezi chini ya jukwaa, wakirushiana mpira kama watu wanaohamisha matofali.

Daktari kauliza nawapimaje vichwa. Nikamweleza. Raga yetu ni saba kwa saba, dakika saba, mapumziko dakika mbili, dakika saba tena, basi. Chai uliyoiacha mezani unaikuta ina moto. Lakini uwanja ni uleule mpana wa watu kumi na watano, kwa hiyo wanakutana wakiwa na mbio za kuua. Kabla ya kila mechi nasimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, sanduku wazi miguuni. Hakuna anayejichukulia jezi. Kila mmoja anakuja kifua wazi, namuuliza:

"Umetoka wapi?"

"Nyumbani."

"Uko wapi?"

"Uwanjani."

"Unarudi wapi?"

"Nyumbani."

Ndipo nampa jezi mkononi. Akigongwa namuuliza tena. Kichwa kilichotikisika hakijui kwao. Akikosea hata moja anakaa benchi, awe nani. Hii ni akili yangu mwenyewe, hakuna aliyenifundisha.

"Kwa miaka ishirini na miwili, wangapi wamekosea?" akauliza.

"Hata mmoja!" nikamwambia, kifua mbele.

Akaacha kuandika. "Hata mmoja, babu?"

"Hata mmoja."

Akatabasamu. Tabasamu hilo sikulipenda.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimekwenda kwa Greda, kama kila Jumapili. Alikuwa nahodha wa wale saba wa kwanza, miaka thelathini na moja iliyopita. Mimi nilikuwa wa nane. Nilibeba maji, na mmoja wao alipotapika njia nzima ndani ya ndege ilibaki kidogo niingie mimi, na ningeingia. Walivaa jezi za kuazima za timu ya mpira wa miguu, shingo zimewabana. Tulifungwa hamsini na nne kwa bila. Watazamaji wakatupigia makofi ya huruma. Greda akawaambia wenzake, "Na nyinyi wapigieni makofi. Siku moja watatuogopa."

Na walituogopa. Miaka tisa baadaye tuliwatoa mabingwa wenyewe. Baadaye tena, hawa wa sasa wakiwa watoto wa shule, tukachukua kombe, na barabara kutoka uwanja wa ndege ikajaa watu mpaka basi likaenda mwendo wa maiti. Kisha tukaanza kugombana, kubadilisha makocha kama soksi, na kushuka. Mwaka huu tuko ukingoni kabisa. Raundi ya mwisho ni ya timu nane, na bahati imetuletea hapahapa kwetu, mwisho wa mwezi ujao. Nne zinabaki na wakubwa, nne zinashuka daraja.

Greda hakuyaona hayo ya kombe. Alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti cha dirishani. Aligongwa kichwa, ile ilikuwa bahati mbaya. Mkewe anamnyoa, anamlisha. Mimi ananitazama, ananiuliza lilelile la miaka ishirini na miwili: "Mechi saa ngapi?"

Namjibu, "Bado kidogo, nahodha."

Jumatano, tarehe 13 Machi

Mvua. Panya kaingia stoo, kala kamba za viatu jozi mbili.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Mechi ya kujipima na timu ya wazima moto. Uwanja umejaa maji, mpira unateleza kama samaki.

Sisimizi kagongwa.

Sisimizi ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu fundi cherehani. Ana miaka ishirini na minne. Ni mdogo wa umbo, lakini anainua watu wakubwa kuliko yeye na kuwalaza chini, ndiyo maana ya jina. Binti yangu siku alipomleta kambini alinishika mkono: "Baba, simkabidhi kwa kocha. Nakukabidhi wewe." Nikacheka, nikamwambia mtoto wako yuko kwa mtu mwenye maswali matatu.

Leo alimfuata zima moto mmoja mnene kama pipa, akainama kumkumba miguu, na goti la yule mtu likamkuta juu ya sikio. Nilisikia mlio nikiwa pembeni. Ulikuwa kama wa mbao inayopasuka. Akalala. Akaamka. Daktari alikuwa upande wa pili na mtu aliyevunjika kidole, akanipungia mkono: mwangalie wewe.

"Umetoka wapi?"

"Nyumbani," kasema, macho yakitazama nyuma yangu.

"Uko wapi?"

"Uwanjani."

"Unarudi wapi?"

"Nyumbani."

Hakukwama hata kidogo. Nikamwinulia Daktari dole gumba. Akacheza mpaka mwisho na akafunga trai, kaulaza mpira nyuma ya milingoti kama anamlaza mtoto.

Kwenye basi alikaa pembeni yangu, matope yamemkauka usoni. Tulipofika kwenye mzunguko akanigeukia taratibu.

"Babu," kasema, "mechi saa ngapi?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama. Hakuwa ananitania.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Sikwenda kwa Greda leo.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Asubuhi Sisimizi alikuwa mzima, anacheka, anamwita Nahodha mtu mzima hovyo. Nahodha wetu anaitwa Kufuli, kwa sababu akimshika mtu mpaka uite fundi. Nikajiambia ilikuwa uchovu tu. Kila mtu husema upuuzi akichoka.

Ijumaa, tarehe 22 Machi

Daktari kachukua daftari lake. Niliandika: Sisimizi, kagongwa juu ya sikio, maswali kajibu yote, mzima.

Kasoma, kaniuliza, "Una hakika, babu?"

"Binti, mimi nilikuwa napima vichwa wewe ukinyonya."

Akafunga daftari. Naandika hapa ili mkono uzoee.

Jumapili, tarehe 24 Machi

Nilikwenda kwa binti yangu. Cherehani imefunikwa kitambaa, ameacha kushona. Nikauliza kulikoni.

"Mjukuu wako anasema mlio unamchoma kichwani," kasema. "Yuko chumbani, kafunga pazia. Baba, ana nini?"

"Uchovu wa mazoezi."

"Jana alitapika."

"Kala kitu kibaya."

"Tumekula chungu kimoja, baba."

Nilimchungulia Sisimizi. Alikuwa amelala na taulo bichi machoni, mchana kweupe. Kaniambia kwa sauti ndogo, "Babu, ukisema kitu nimekwisha. Miaka minne nasubiri hii. Timu ikishuka na mimi sipo, watasema nilikimbia."

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Babu. Si uliniuliza yale maswali? Si nilijibu?"

Alinifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Nikaondoka bila kunywa chai.

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Mvua.

Jumatatu, tarehe 1 Aprili

Mvua. Sisimizi kaenda kuoga, kaacha bomba wazi, maji yamefika koridoni. Wenzake wamecheka: leo siku ya wajinga. Mimi sikucheka. Nilipiga deki peke yangu, nikajikuta nahesabu siku zilizobaki kama mtu anayengoja hukumu.

Alhamisi, tarehe 4 Aprili

Leo kafanya vizuri. Mbio zake ni zilezile. Nimekula vizuri leo.

Jumanne, tarehe 9 Aprili

Kuna mchezaji mpya, kaitwa kujaza nafasi ya yule aliyevunjika kidole. Nilikuwa nje naanika soksi chini ya dirisha la chumba chao. Nikamsikia Kufuli akimfundisha.

"Kesho kabla ya mechi ya mazoezi babu atakuuliza maswali matatu. Majibu ni nyumbani, uwanjani, nyumbani. Sema."

"Nyumbani, uwanjani, nyumbani."

"Haraka zaidi. Ukisitasita mzee anakunyima jezi, hana mchezo."

"Hata nikiwa nimegongwa?"

"Hasa ukiwa umegongwa! Hayo ndiyo ya kushika kuliko jina lako. Mimi nilifundishwa na nahodha wa zamani, naye kafundishwa na wa kabla yake."

Wakacheka. Si kwa ubaya. Walikuwa wanacheka kama watu wanavyocheka jambo la nyumbani wanalolipenda.

Nimesimama pale na soksi mkononi mpaka zikanilowesha mguu. Hata mmoja, nilimwambia Daktari, kifua mbele. Hata mmoja hajakosea. Kasuku naye hakosei.

Jumatano, tarehe 10 Aprili

Mechi ya mazoezi. Nimeuliza maswali yaleyale. Nikibadilisha leo nimekiri kuwa jana na juzi na miaka ishirini na miwili nilikuwa napima upepo. Wametoka wachezaji wangapi mikononi mwangu na vichwa vimepasuka, nikawavalisha mimi? Siwezi kuhesabu. Naogopa kuhesabu.

Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Nilikwenda kwa Kocha. Huyu ni wa kumi na mbili, na nilikuwa nimemsifu kwa kila mtu, maana ndiye wa kwanza kunipa kiti ofisini. Leo pia alinipa kiti.

"Mzee wangu, sema."

"Ni Sisimizi. Naona hayuko sawa."

Akainuka, akafunga mlango. Nje mvua ilikuwa inapiga bati, na bado alishusha sauti.

"Umempima?"

"Nimempima."

"Kajibu?"

"Kajibu."

"Basi mzee wangu, usinitie wazimu. Bila Sisimizi tumeshuka, na tukishuka hii timu wataivunja, hakuna mtu ataitazama tena miaka kumi. Unataka hivyo? Wewe uliyekuwepo tangu wa kwanza?"

Nilipaswa kusema maswali yangu ni takataka. Ulimi ukakataa. Nikasema, "Sitaki hivyo." Nikamwona mtu mwenye hofu ananituma mimi mwenye hofu, na wote wawili tunajificha nyuma ya mgongo wa kijana mmoja.

Ijumaa, tarehe 19 Aprili

Mvua kubwa. Daktari kachukua daftari lake. Kurasa za wiki hii tupu. Kaniuliza kama naumwa. Nimesema mgongo.

Jumapili, tarehe 21 Aprili

Leo nimekwenda kwa Greda. Nilikuwa nimeruka Jumapili tano. Mkewe hakuniuliza nilikuwa wapi. Kaniambia tu, "Shikamoo, karibu, anakungoja." Hakuna anayejua kama anangoja.

"Mechi saa ngapi?" kasema Greda.

Nikalia. Mkewe akaenda jikoni asinione.

Sasa naandika ambalo sijamwambia mtu. Ile haikuwa bahati mbaya. Greda aligongwa Jumamosi, alasiri. Jumapili asubuhi tulikuwa na nusu fainali. Nilimkuta chumbani anavaa viatu. Cha kulia alikuwa anakitia mguu wa kushoto, anasukuma, anashangaa kwa nini hakiingii. Nikacheka. Nikamwambia, "Nahodha, una haraka ya kombe!" Nikapiga magoti, nikambadilishia viatu kwa mikono yangu, nikamfunga kamba, nikampa jezi. Akaenda. Dakika ya pili alikumbwa kumbo ambalo kuku angeinuka. Yeye hakuinuka yule tuliyemjua.

Maswali niliyatunga baada ya hapo ili nilale. Na nililala.

Mficha maradhi kilio humfichua. Nimelijua neno hilo tangu utoto, na nilidhani linahusu wagonjwa.

Jumatano, tarehe 24 Aprili

Nimeng'arisha sanduku. Upande mmoja lina bonde, Greda alizoea kukalia hapo. Sijawahi kuligonga likanyooka.

Timu za wageni zimefika. Vijana wao wakubwa kama milango.

Jumamosi, tarehe 27 Aprili

Siku ya kwanza ya mashindano. Mvua imesimama, jua kali, uwanja umefurika watu. Wanaimba mpaka ukuta wa chumba chetu unatetemeka.

Niliapa njiani kwamba leo nitabadilisha maswali. Nilisimama mlangoni, wakaja mmoja mmoja kifua wazi, wanang'aa kwa mafuta, wananipenda, na nikayauliza yaleyale.

Tumecheza mbili. Ya kwanza tumeshinda. Ya pili tumefungwa. Sisimizi kafunga trai mbili za peke yake, kila mara uwanja mzima umesimama, na mimi nimekaa nimeshika magoti. Kila akiingia kwenye kumbo nasema inuka, inuka, inuka. Ameinuka kila mara. Mara moja alichelewa. Daktari akamkimbilia, akamwuliza mambo, akamwangalia macho. Nadhani alijibu, maana aliachwa. Ana akili, kwa maswali ya Daktari alikuwa amejiandaa. Kwangu hakuhitaji hata kujiandaa.

Kesho asubuhi mechi moja tu inaamua. Tukishinda tunabaki. Tukifungwa tunashuka.

Naogopa. Nimefika miaka sabini na sita na sijawahi kuliandika neno hili bila kutafuta lingine la kulifunika. Naogopa.

Jumapili, tarehe 28 Aprili

Naandika koridoni hospitali, kiti cha plastiki, saa kumi alasiri. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi nilifika uwanjani wa kwanza. Nikatundika jezi, nikazirudisha sandukuni, nikatundika tena. Wachezaji wakaingia. Kocha akasema maneno yake. Nikaenda mlangoni, nikafungua sanduku. Kufuli akaja wa kwanza, akajibu, akapewa. Wa pili. Wa tatu.

Ndipo nikamwona Sisimizi kwenye benchi la pembeni. Alikuwa ameinama anavaa viatu. Cha kulia alikuwa anakitia mguu wa kushoto. Anasukuma, anakitazama, anashangaa kwa nini hakiingii.

Hakuna aliyemwona ila mimi. Uwanja ulikuwa unaimba nje. Nilikuwa nimeshapiga hatua moja kwenda kupiga magoti pale chini, nimbadilishie viatu, kama zamani.

Akavua, akavigeuza mwenyewe, akavaa. Akaja kifua wazi, akasimama mbele yangu, anatabasamu.

Nikasema, "Jana umefunga trai ngapi?"

"Nyumbani," kasema.

Mtu mmoja nyuma akacheka.

Nikasema, "Jana tulifungwa na nani?"

"Uwanjani."

Wakacheka watatu, wanne. Sisimizi tunamjua, ana utani. Nikamshika mabega. Yalikuwa baridi.

"Mama yako anafanya kazi gani, mwanangu?"

Akanitazama machoni, mtiifu kabisa, kama mtoto anayejua somo lake.

"Nyumbani, babu," kasema.

Hakuna aliyecheka tena.

Nikafunga sanduku. Nikalikalia, palepale penye bonde.

"Huyu hachezi," nikasema.

"Mzee, inuka," Kocha akasema. "Dakika nne zimebaki."

"Siinuki."

"Toa jezi! Mzee, unataka kutuua?"

"Nimeshaua mmoja. Yuko kwenye kiti cha dirishani, na mlimwona kwenye picha ukutani hapo hamkuuliza yuko wapi. Nilimvalisha viatu kwa mikono hii nikijua. Na yale maswali yangu ni uongo. Miaka ishirini na miwili sikuwa napima kitu. Mnajua majibu kabla hamjajuana majina. Kufuli, sema kama naongopa!"

Kufuli alikuwa amesimama na jezi yake nusu mwilini. Mtu mkubwa yule. Akasema kwa sauti ya chini, "Haongopi. Mimi mwenyewe mwaka juzi nilijibu yote, na mpaka leo ile mechi siikumbuki."

Mwingine akasema, "Na mimi."

Mwingine tena.

Daktari alikuwa ameshamfikia Sisimizi. Akamshika kidevu, akamulika jicho moja, la pili, na nikaona uso wake umebadilika. Alipaza sauti kumwita dereva. Nikatoa daftari hili kifuani, nikampa. "Daktari, lile la Ijumaa ni uongo. Ukweli uko humu. Kagongwa tarehe kumi na sita mwezi wa tatu." Akasoma akitembea, na hapa hospitali kanirudishia. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Wakambeba Sisimizi. Alipopita mlangoni akaniuliza, "Babu, mechi saa ngapi?"

Mchezaji mpya akavaa nafasi yake. Kocha alikuwa amekaa chini sakafuni. Sikukaa kuona.

Kwenye gari la wagonjwa redio ya dereva ilikuwa inatangaza. Tulifungwa kumi na saba kwa kumi na tisa. Mwisho kabisa, mtu wao akapita palepale ambapo Sisimizi husimama. Dereva akazima redio, akasema, "Tumeshuka." Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mjukuu wangu kwenye shuka, sikuwa na mkono wa kushikia habari nyingine.

Binti yangu alinikuta hapa koridoni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, nilikukabidhi wewe." Akaenda kukaa kiti cha mbali.

Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Wamepiga picha ya kichwa. Kuna damu ilikuwa inajikusanya polepole juu ya ubongo, wiki sita. Wametoboa tundu dogo, wameitoa. Daktari bingwa, mzee kama mimi ila amesoma, alisema, "Kishindo kimoja zaidi asingeinuka." Alisema mbele ya binti yangu na mbele ya Daktari.

Ijumaa, tarehe 3 Mei

Bado hajasema neno.

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Mvua. Bado.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Kasema, "Maji."

Jumapili, tarehe 19 Mei

Kocha wa kumi na mbili kaondoka. Nilimkuta anafunga mizigo, nikamsaidia kubeba boksi. Sikuwa na hasira naye. Tulipofika kwenye gari kasema, "Ningemwingiza, mzee. Hata baada ya kusikia majibu yale, ningemwingiza." Nikamwambia, "Najua. Na mimi nilimwingiza, siku ya kwanza." Tukapeana mikono.

Mtaani watu wananionyesha kidole: yule ndiye mzee aliyetushusha. Wauza magazeti hawaniitikii salamu. Nimezoea kusifiwa, na hili nalo nitalizoea.

Jumapili, tarehe 2 Juni

Mvua zimekatika. Nimekwenda kwa Greda asubuhi. "Mechi saa ngapi?" kasema. Nikamwambia, "Imekwisha, nahodha. Tumefungwa. Ila wote wamerudi nyumbani." Akashika mkono wangu, jambo ambalo hajawahi.

Mchana nimekwenda kwa binti yangu. Cherehani inalia tena. Sisimizi kakaa karibu nayo, kichwa kimenyolewa, anakata nyuzi. Hatacheza tena raga, ameambiwa, na amenitazama kwa hasira mwezi mzima. Leo kaniwekea kiti mwenyewe.

Ligi ya daraja la chini inaanza mwezi ujao, na Kufuli amekataa mtu mwingine asishike sanduku. Maswali siyajui tena. Daktari anayaandika upya asubuhi ya kila mechi ya mazoezi, ananipa karatasi imekunjwa, naifungua mlangoni. Wiki hii katika mazoezi wawili walikosea, wakakaa. Mmoja alinitukana. Nilifurahi.

Sisimizi nilimjaribu leo. Nikamwuliza, "Ile Jumapili, ulivaa viatu vipi?"

Akaacha mkasi. Akatafuta. Nikaona anatafuta kweli, mpaka jasho likamtoka.

"Sijui, babu," kasema.

Katika miaka yote niliyosimama mlangoni, sijawahi kusikia jibu zuri kama hilo.

Asiyeniamini akaulize. Hili nampa Daktari kesho, atakuwa na madaftari yote mawili, ayaweke sambamba aone lipi linaongopa. Kufuli alikuwepo, nikiwa nimeongeza neno atawaambia. Daktari bingwa wa kichwa anayo picha. Binti yangu hajanisamehe bado, kwa hiyo hatanipendelea, na leo kanipa chai. Greda msimuulize kitu, tazameni tu viatu vyake, mkewe humvalisha. Na Sisimizi mwulizeni lolote mnalotaka. Akiwaambia hajui, mwaminini.